Nusu Inchi

Ijumaa nilikuwa zamu ya kipimo, ziwani Jilore,
mimi na ubao wangu wenye alama za misumari:
perege asiyefika msumari wa tatu
anarudi alikotoka, awe wa nani.
Ndicho kiapo nilichokula mbele ya kamati,
nikapewa shati lenye mfuko wa kalamu.

Alfajiri askari wa doria walileta nyavu nne
walizozitoa kwenye matete, penye mazalia.
Tatu sikuzijua.
Wa nne niliujua kabla haujatua chini,
kama unavyomjua mtu kwa kikohozi.

Mafundo ya mama hayafanani na ya mwingine.
Hufunga, hurudia, hukata uzi kwa jino
na kuacha kijimkia, mfano wa kope.
Ndimo humu nilimojifunza hesabu:
jicho moja, macho kumi, macho mia na tisa,
nikisinzia ananirushia magamba
huku kisu chake hakisimami.
Ada ya darasa la saba ilipita humu.
Hata hili shati, ukilifuata nyuma, linatokea humu.

Nikalaza jicho moja juu ya rula.
Inchi mbili na nusu.
Sheria inataka tatu.
Nikapima jingine, nikalivuta kidogo
(naungama, nililivuta):
mbili na nusu.
Katibu Kitsao akauliza, "Vipi?"
"Haufiki."
"Wa nani?"
Nikasema, "Andika: hajulikani."

Tukauchoma penye jivu la nyavu za mwaka jana.
Nailoni haiwaki kama kuni. Inajikunja,
inadondosha matone meusi, na moshi wake
unaukuta hadi kwenye chai ya saa nne.
Viboko walisimamisha masikio, wakazama.

Jumatatu akaja.
Hakuja nyumbani kwangu. Alikuja dirishani,
akapanga foleni nyuma ya vijana wawili wa Malindi mjini
wenye fimbo za kukunjwa na kofia mpya,
wanaocheka kwamba samaki wa ziwani ananuka tope
na wamedamka saa kumi kumfuata.
Zamu yake ilipofika akafungua pindo la leso,
akahesabu sarafu hadi mia.
"Leseni ya ndoana."
"Jina?" nikauliza, maana fomu inauliza.
Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na mwenyeji.
"Mbodze," akasema. "Mbodze wa Mwaringa.
Liandike vizuri. Nisije nikawa sijulikani."

Mkono wangu haukuwahi kuliandika jina hilo.
Fomu zote za shule zilitaka la baba.

Alikaa juu ya gogo tangu saa mbili,
chambo chake ugali uliokandwa na pumba.
Maji yalikuwa bado na wekundu wa mto Sabaki
uliofurika mwezi uliopita.
Mdiria alipiga mbizi mara tano, akapata mara tano.
Yeye, jua la utosi, akapata mmoja.
Akamleta ubaoni mwenyewe, akamlaza,
akamnyoosha mkia kwa kidole gumba
vile vile nilivyolivuta lile jicho.

Upana wa ukucha.
Kati ya mkia na msumari wa tatu
palikuwa na upana wa ukucha.

Watu walikuwepo. Kitsao alikuwepo.
Nikafungua mdomo, ukabaki wazi.
Mama hakuniangalia mimi, alimwangalia samaki,
matamvua yakifunguka, yakifumba.
"Huyu," akasema, "bado anasoma."
Akamchukua kwa mikono miwili,
akaingia majini hadi magotini, leso na yote,
akamwachia.

Kisha akapanda tena, akasimama mbele ya dirisha,
akanyoosha kiganja chenye gamba moja katikati.

"Stakabadhi yangu," akasema. "Hukunipa."